Shavu la Kupimia Moto

Daktari aliacha kuandika, kalamu ikabaki hewani.

"Hebu rudia hapo, mama. Unaweka nini mlangoni mwa tanuri?"

"Shavu," alisema mwokaji, kwa fahari kidogo. "La kushoto. Nafungua mlango, nasogeza shavu, naanza kuhesabu. Likianza kuwaka kabla sijapita saba, tanuri liko tayari, mikate inaingia. Nikipita saba halijawaka, tunaongeza kuni. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, na miaka kumi na tisa sijakosea."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Thelathini. Tukizidiwa, arobaini."

Daktari, ambaye kwa umri angeweza kuwa bintiye, alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake inahama. Kisha akasogeza taa. Ngozi nyeusi ya mwokaji ilikuwa imeuficha wekundu vizuri sana, ndiyo maana alikuwa ameshapewa dawa ya chunusi na dawa ya mzio, na zote hazikufua dafu. Lakini kwa karibu mashavu yalikuwa na rangi ya shaba iliyopashwa moto, yamejaa vipele vidogo, na macho yalilengalenga kana kwamba yameingia mchanga.

"Hii inaitwa rosasia. Ni ugonjwa wa ngozi. Huwezi kumwambukiza mtu, na hautokani na uchafu wala pombe."

Mwokaji alishusha pumzi. "Yaani naweza kuwaambia kazini kwamba silewi?"

"Waambie. Pombe huuamsha kwa watu wengine, sawa na jua, pilipili, chai ya moto mno, hata hasira. Kila mtu na chake. Chako wewe ni joto."

Akamwandikia dawa ya kupaka na ya matone ya macho, mafuta ya kukinga jua na sabuni isiyo kali. Krimu ya kung'arisha uso aliyopewa na jirani aliambiwa aitupe siku hiyo hiyo. "Hauondoki moja kwa moja, mama, lakini unatulia. Dawa huchukua wiki kadhaa kabla kazi yake haijaonekana, usikate tamaa. Na shavu hilo lisikupimie kitu tena. Siku hizi linajiwakia tu. Ona, limewaka hapa tulipo, na hapa hakuna tanuri."

Mwokaji alitaka kucheka. Kisha akakumbuka mikate.

Wiki tatu sasa maduka yalikuwa yakirudisha mikate: nje imekauka, katikati ukibonyeza kidole kinazama. Wiki tatu alikuwa akimwambia bosi kwamba tanuri halina tatizo, tatizo ni mkandaji, mvivu, haupi unga haki yake. Mkandaji mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Jana bosi alimwambia shemeji akande unga wa asubuhi ya leo, kisha saa sita aondoke asirudi.

"Mama? Unajisikia vibaya?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano kasorobo."

"Mungu wangu!" Alikuwa ameshafika mlangoni, karatasi ya dawa mkononi.

Njiani aliingia duka la vyombo akanunua kipimajoto cha tanuri. Alipofika kazini, shemeji yake alikuwa akifungua aproni, unga umemfika viwikoni, bosi amesimama pembeni akisubiri.

"Loo, shemeji! Umekuja kunisindikiza? Ungebeba hata ua."

Mwokaji alimpita. Alitundika kipimajoto ndani ya tanuri, akasubiri kitulie, akasogeza shavu. Moja. Mbili. Likawaka kama limepigwa kofi.

"Tayari," alisema kwa sauti ile ile ya kila siku. "Ingieni na mikate."

Mpakizi, anayeingiza mikate tanurini, akainua bao lake lenye mikate mibichi.

"Ngoja! Bosi, njoo usome."

Bosi aliinama, akafinya macho. "Mia na arobaini." Akagonga kioo kwa ukucha. "Hiki kibovu."

"Soma boksi lake, wameandika mkate unataka ngapi."

"Mia mbili na ishirini," alisoma bosi, taratibu, kama anayesoma barua ya msiba.

Waliongeza kuni, wakangoja mpaka namba ikafika, wakaingiza mikate iliyokandwa na shemeji asubuhi ile. Ilipotoka, bosi alimega mmoja. Katikati ulikuwa mweupe, mkavu, laini. Alikaa juu ya gunia la unga bila kuangalia kama limefungwa.

"Kwa hiyo nilikuwa nakanda vizuri," alisema shemeji.

"Ulikuwa unakanda vizuri."

"Na wewe ukaniita mvivu. Mbele za watu."

"Nilikuita. Na nasema mbele ya watu hao hao: kosa ni langu. Uso wangu unaumwa, ulikuwa unanidanganya, na mimi nikakusingizia wewe."

Bosi akainuka kwenye gunia. Akajipangusa unga.

"Sasa tanurini atasimama nani?" aliuliza bosi.

Miaka kumi na tisa jibu lilikuwa jina lake. "Yeyote anayejua kusoma namba," alisema, akafunga mlango wa tanuri.

"Wewe utakwenda meza ya kukata, basi. Na wewe," bosi alimgeukia mkandaji bila kumtazama usoni, "kesho uje kama kawaida."

Shemeji alikuwa bado ameshika aproni. "Nina hasira na wewe," alimwambia mwokaji.

"Najua."

"Usidhani zimeisha."

"Sidhani."

Akamtazama lile shavu. "Linauma?"

"Linawaka."

Shemeji alinawa mikono, akachukua kitambaa safi, akakilowesha maji ya baridi na kukikamua vizuri. Akamnyooshea, uso wake ameugeuzia ukutani.

"Shika. Na usogee kule dirishani, shem. Hapo pana moto."

Mwokaji akasogea.