Hori la Bi Fidelia

Mume wangu Nazario anawajua nyuki kuliko anavyonijua mimi, lakini mwaka ule alizembea. Kiangazi cha kwetu Yucatán hakina huruma, na mfuga nyuki huwawekea maji kabla hawajayatafuta. Alipokumbuka, nyuki walishahamia uani kwa jirani yetu Bi Fidelia, kwenye hori lake la mti la kufulia nguo. Na nyuki akishazoea maji ya mahali, hata umwekee mengine mlangoni pa mzinga wake, atayapita tu.

Bi Fidelia hufua nguo za watu, ndiyo kazi inayomlisha. Siku moja alikuja kwenye ukuta unaotenganisha nyua zetu, mkono umevimba kwa kuumwa na nyuki, vidole havikunjiki.

"Nazario! Watoto wako hawana adabu!"

"Nisamehe, Bi Fidelia. Kesho nita..."

"Kesho yako imeota mvi! Nina dawa ya mchwa ndani. Jumamosi naimwaga humo horini, wanywe washibe."

Mizinga ile ndiyo riziki yetu, na haki ilikuwa ya yule bibi. Niliona aibu, nikampelekea mikate ya mahindi ya moto. Mikate aliipokea, salamu hakuitikia.

Ijumaa asubuhi Nazario alimwendea, kofia mkononi. Mimi nyuma yake.

"Naomba hori lako, Bi Fidelia."

"Wewe una wazimu? Hili alilichonga marehemu mume wangu, mwaka tuliooana."

"Nyuki wameshika harufu yake. Tukilisogeza kidogo kidogo watalifuata mpaka kwangu. Wewe nitakujengea la saruji."

"La saruji litafua, sawa. Litanikumbusha nani?"

Bibi aliutazama mkono wake, akawatazama nyuki waliojipanga ukingoni wakinywa. Kisha akavuta pumzi.

"Haya, kamata huko. Mkilipasua, nawapasua."

Jumamosi ikapita, dawa ya mchwa ikabaki kabatini. Kila asubuhi hori lilisogea hatua chache, nyuki wakalifuata, na Bi Fidelia kando yao akiwagombeza kama wajukuu. Lilipofika kwenye ukuta wa mawe halikupita, ikabidi Nazario abomoe sehemu yake. Mwishowe likatua kwetu, chini ya kivuli, jirani na mizinga. Bibi alilipapasa ubavuni, akaenda zake bila kuaga. Roho iliniuma sana.

Nyuki hawakurudi tena kwake. La saruji lilipokauka, Nazario akaanza kuyarudisha mawe ya ukuta, kama ilivyo desturi ya majirani wema.

"Wee! Unaziba nini hapo?"

Bi Fidelia alikuwa amesimama pengoni, na ndoo ya maji ya kuongezea horini mkononi.

"Ukuta, Bi Fidelia."

"Na mimi nitapita wapi kuja kumsalimia mume wangu?"

Nazario akaliweka jiwe chini, akampokea ndoo.