Alama Tatu za Kitinda

Alhamisi saa sita na nusu mchana, mwandishi wa safu ya chakula aliingia katika mgahawa wa kumi na sita, akachagua meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, akatoa daftari. Kwa zaidi ya mwezi alikuwa akilinganisha baga za mji mzima kwa ajili ya gazeti la kila wiki. Utaratibu wake ulikuwa uleule kila mahali. Aliagiza baga moja ya kawaida, bila jibini wala yai, akaikata katikati kwa kisu, akatazama rangi ya nyama, akabonyeza mkate kwa kidole aone kama utainuka, ndipo akala na kutoa alama kati ya kumi. Mpaka siku ile alama ya juu ilikuwa saba, nayo iliuendea mgahawa ulio jirani na posta, ambao mkate wake ulikuwa mtamu kuliko nyama.

Huu wa kumi na sita aliuacha wa mwisho kwa makusudi. Mpishi wake alikuwa mdogo wake mwandishi wa tumbo moja, kitindamimba wa mama yao, aliyejulikana nyumbani na kazini kwa jina la Kitinda. Kitinda alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, jikoni humohumo. Mafuta yalishika moto, na mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli ili wafanyakazi wasitoke na nyama. Walimzika Jumamosi. Jumatatu Kitinda alikwenda kazini, kwa sababu ratiba ya mwezi ilikuwa imeshabandikwa ukutani na jina lake lilikuwemo.

Wenzake walimpa pole, wakamsogezea makoleo yake. Moshi mwembamba ulimtoka kwenye kola ya shati kutwa nzima, ukaingia kwenye nyama, na wateja wakaupenda. Meneja aliagiza kibao kipya cha mlangoni: BAGA YA MOSHI HALISI.

Aliyelalamika ni mama peke yake.

"Nakwenda makaburini sikuti mtu," alimwambia binti yake, yule mwandishi. "Naongea na udongo mtupu."

Siku pekee aliyomkuta ilikuwa Jumanne, siku ya Kitinda ya mapumziko. Jumanne alirudi kaburini akalala chali mpaka jua linazama, hoi kwa uchovu, na mama alikaa pembeni akimsimulia habari za nyumbani kwa sauti ya chini asije akamwamsha.

Mama alikwenda kwa meneja kumwombea ruhusa. Meneja alimpa kiti, akafungua faili.

"Pole sana, mama yangu. Mkataba unataja kuacha kazi na kufukuzwa kazi. Kufa haukutaja."

"Basi aache kazi."

"Anayeacha kazi hurudisha sare kwanza."

Sare iliungua pamoja naye. Hilo nalo lilikuwemo kwenye faili.

Kilichobaki ni kufukuzwa. Mwaka uliotangulia gazeti lilimpa mpishi mmoja alama nne, na jua halikuzama kabla hajavuliwa aproni. Mama alifikiri siku mbili, kisha akamwita binti yake chumbani, akafunga mlango.

"Mwenye kalamu ni wewe," alisema. "Mharibie mdogo wako, apate kulala."

Ndiyo maana Alhamisi ile mwandishi alikuwa pale. Kitinda mwenyewe aliisukuma sahani dirishani. Alikuwa na masizi mpaka viwikoni.

"Dada, najua mama amekutuma nini," alisema. "Onja kwanza."

Alionja. Mkate ulikuwa umepashwa upande wa ndani tu. Nyama ilikuwa na ukoko mwembamba juu, na ndani ilitoa maji yake taratibu, kama vile haina haraka na mtu. Kitunguu kilikaangwa mpaka kikasahau ukali wake. Ilikuwa baga bora kuliko zote kumi na tano, na hakuna iliyoikaribia. Alikumbuka alivyokuwa akimbeba mgongoni mtoto huyu, naye akimtafuna ncha za nywele.

"Vipi?" Kitinda aliuliza.

"Kavu."

"Chumvi?"

"Imezidi."

Kitinda aliitikia kwa kichwa, akageukia jiko kwa sababu oda tatu zilikuwa zinamsubiri.

Mwandishi aliandika alama tatu. Chini yake aliandika habari za mlango wa nyuma, mnyororo na kufuli, aya mbili nzima. Mhariri alizisoma akazikata.

"Dada, hii ni safu ya baga," alisema. "Mlango hauliwi."

Gazeti lilipotoka, meneja aliukata ukurasa ule akaubandika jikoni, lakini hakumfukuza mtu.

"Wa kumfukuza ni yule anayeumwa, anayechelewa, anayeomba likizo," aliwaambia wafanyakazi. "Huyu hana hata kasoro moja kati ya hizo. Anahitaji mazoezi tu." Akachukua kalamu akaifuta Jumanne, siku ya Kitinda ya mapumziko, kwenye ratiba. Wateja nao waliongezeka, kila mmoja akitaka kujua alama tatu zina ladha gani.

Mwandishi alirudi saa tisa alasiri, wakati watu wamepungua. Alisimama dirishani.

"Nilitaka wakufukuze," alisema. "Nisamehe."

"Najua, dada."

"Baga ile ilikuwa..."

"Ulikula yote. Sahani ilirudi nyeupe, hata chembe hukuacha." Kitinda alitabasamu kidogo, na moshi ukampanda shavuni. "Nani analamba vidole kwa alama tatu?"

"Umechoka?"

"Miguu tu."

Nyuma yake mlango ulikuwa na mnyororo mpya, mnene kama kidole gumba. Ule wa zamani ulikuwa umelegezwa na moto. Wapishi wawili wapya, walio hai, walikuwa wakimenya vitunguu wakiwa wameuegemea. Mwandishi aliomba gazeti lisahihishe alama zake, akaambiwa alama zikishachapwa zimechapwa.

Jumanne iliyofuata mama alivaa nguo zake za kutokea, akaja mgahawani kwa miguu, akauliza mwisho wa foleni uko wapi. Binti yake alimkuta ameshakaa na sahani mbele yake. Alikuwa hajawahi kula baga. Aliifunua akachungulia ndani, akaifunika tena, akaishika kwa mikono miwili. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yakiwa mezani.

"Na hii ndiyo uliyoipa tatu?"

"Ulinituma, mama."

"Nilikutuma," mama alisema. Akaimaliza yote, akafuta machozi na midomo kwa karatasi ileile, akainuka kwenda dirishani.

"Mwanangu, umepika."

"Ahsante, mama." Kitinda aligeuza nyama nne mfululizo kabla ya kumtazama tena. "Siku nyingine uje mapema. Foleni ikiwa fupi tunaweza kuongea kidogo."

Mama alimuuliza mapema ni saa ngapi. Kitinda alimwambia saa nne, na mtu aliyekuwa nyuma akamwomba mama asogee ili yeye achukue chakula chake.