Nusu Aliyojikata Bwana Kiragu

Haya niliyapata kwa Phoebe mwenyewe, mwaka wa sabini na saba, tukichambua mchele wa harusi ya mpwa wake kule Kangemi. Aliyasema macho yakiwa kwenye ungo, nami nayaweka hapa kama alivyoyapanga.

Miaka mitatu nyuma, Phoebe alikuwa mpishi katika mtaa wa matajiri wa Lavington kwa Bwana Kiragu, mkurugenzi wa kiwanda cha masanduku ya bati. Alilala chumba cha nyuma ya nyumba pamoja na mumewe Zadock, ambaye Bwana Kiragu alimpa kazi ya kuchomelea bawaba pale kiwandani. Kazi mbili, chumba kimoja, na vyote vimetoka mkono mmoja. Ukikosana na nyumba ile, umekosana na vyote.

Mwaka ule bati lilipanda bei, na masanduku yasiyonunuliwa yakarundikana hadi kwenye paa. Bwana Kiragu akawakusanya wafanyakazi themanini uani, akasimama juu ya sanduku. "Siwezi kuwaambia mkaze mshipi huku wangu umelegea," alisema. "Mwezi uliopita nilijikata mshahara nusu. Ninyi nawaomba robo tu, mpaka mambo yatengemae."

Watu wakanung'unika. Ndipo Zadock alipoinua mkono. "Jamani, mimi nalala nyuma ya nyumba yake! Huyu hadanganyi. Naapa."

Wakatulia kidogo. Wakamchagua yeye na Athman, karani wa stoo aliyetoka Lamu, waende wakajionee Jumapili. Jumatatu wangeleta neno, na wakisema ni kweli, wote themanini wangeweka sahihi kukubali kukatwa.

Zadock alirudi jioni ile amevimba kwa fahari. "Mama Lornah, umewahi kuona mkubwa akijikata mwenyewe?"

Phoebe alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka. Mwisho wa mwezi uliopita Bi. Kiragu alimwita jikoni, akamwambia, "Phoebe, mzee amepunguza mshahara wake, kwa hivyo na wewe nitakupa nusu. Si mimi, ni kiwanda. Na mambo ya jikoni ni yangu na yako. Mzee asisumbuliwe." Phoebe alijibu, "Ndiyo, mama." Kwa mumewe alisema pesa zingine amempelekea nyanya anayemlea binti yao Lornah, za karo. Uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza unachoma, akitema atauonyesha kila mtu.

Jumapili ikafika. Bi. Kiragu akatoa amri mapema: "Leo ni ugali, sukuma wiki na maharagwe. Lile paja la mbuzi liache ndani ya oveni, ufunge mlango. Tutakula wakishaondoka."

Phoebe akafunga, akaziba upenyo kwa kitambaa. Lakini harufu haina adabu mbele ya wageni.

Bwana Kiragu alishika jagi yeye mwenyewe akawanawisha wageni. Phoebe alisimama na karai, na Zadock akamkonyeza: unaona? Athman alikausha vidole polepole, pua juu.

"Samahani, mzee," akasema. "Sukuma wiki ya huku Lavington huungwa kwa nini? Mbona inanukia mbuzi?"

"Athman, hiyo ni njaa yako," Zadock akacheka.

"Njaa yangu naijua, ndugu yangu. Pua hii imelelewa Lamu, pilau ikipikwa mtaa wa pili naipata. La kuvunda halina ubani."

Bwana Kiragu hakuwa mtu wa kuficha. "Nyama ipo, sikatai. Mshahara wangu ni nusu, barua iko kwa mhasibu, nendeni mkaisome. Ila mke wangu anajua kubana. Kwa nusu hiyo hiyo tunakula kama zamani. Hata mimi sijui anafanyaje!"

"Basi atufundishe," Athman akasema. "Wake zetu wanaitafuta sana elimu hiyo."

Bi. Kiragu akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi.

"Si mumwulize mpishi?" Zadock akaingilia, bado anacheka. "Ndiye aendaye buchari. Mama Lornah, hebu waambie, mnabana wapi?"

Macho yote yakamgeukia. Akalibana karai kifuani. Akisema wananunua kidogo kidogo, wageni watashukuru, na kesho watu themanini wataweka sahihi juu ya kiapo cha mumewe. Akisema lile lingine, kesho atakuwa nje ya geti na sanduku kichwani, na Zadock nyuma yake. Akatazama mikono ya Zadock, ile mikono yenye makovu ya moto, bado imelowa.

"Kwenye mshahara wangu," akasema. "Tangu mwezi uliopita napata nusu. Nusu nyingine ndiyo iko ndani ya oveni."

Hakuna aliyegusa ugali. Bwana Kiragu akamgeukia mkewe. "Ni kweli?"

"Ulitaka nyama itoke wapi?" Bi. Kiragu akamjibu. "Uliniletea nusu, ukasema nijipange. Nikajipanga. Na kila siku umekula ukasifu."

Zadock hakumtazama Phoebe. Alisema taratibu, "Kumbe hukujikata, mzee. Ulimkata mke wangu, nami nikakuapia mbele ya watu."

Bwana Kiragu alisogeza sahani kando. "Nitamrudishia," akasema. "Ya mwezi uliopita na ya huu."

"Itatoka wapi?" Athman akauliza.

"Kwenye nusu yangu."

"Basi umeanza kujikata leo." Safari hii Athman hakutania. "Kesho tutawaambia watu hivyo, kwamba ni leo, si mwezi uliopita. Wataamua wenyewe."

Wakaaga. Mchana kutwa Bi. Kiragu hakukanyaga jikoni.

Chumbani Zadock alivua viatu. "Ulinificha."

"Niliogopa, Baba Lornah. Tungelala wapi?"

Akajilaza akautazama ukuta. "Lakini pale mezani hukuniacha niwe mwongo," akasema, na baada ya kitambo akakoroma.

Phoebe akakunja nguo zake, akazipanga ndani ya sanduku la bati, bawaba zake amezichomelea Zadock mwenyewe. Akaketi juu yake akingoja. Giza lilipoingia, mlango ukagongwa. Bi. Kiragu alisimama pale amejifunika shali. Akalitazama sanduku.

"Unaenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Kesho usiende buchari." Akakohoa. "Yale maharagwe yenu ya Jumamosi, yanayonukia mpaka sebuleni. Unayapikaje?"

"Kwa magadi kidogo, mama. Na yalowekwe tangu jioni."

"Basi loweka." Akageuka kwenda, akasimama. "Na siku nyingine, useme kwangu kwanza."

"Nilisema ndiyo, mama, kwa sababu sikujua kama naweza kusema hapana."

Bi. Kiragu akashika njia. Nyayo zake zikapotea kwenye kokoto.

Phoebe akaenda jikoni, akamimina maharagwe sufuriani, akayafunika kwa maji. Aliporudi hakulifungua sanduku. Alilisukuma chini ya kitanda kama lilivyo, nguo ndani, maana kesho ni kesho. Akajilaza kando ya Zadock. Taa ya nyumba kubwa ikazimika. Akawaza maharagwe yanavyovimba polepole gizani, moja baada ya jingine, na kabla hayajajaa sufuria, usingizi ukamchukua.