Herufi Iliyoliwa na Mdudu

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu duniani, na mdudu, mwanaharamu yule, kati ya kurasa mia mbili alichagua kula herufi ileile inayotafutwa!

"Mlinzi wa lango alifung...a kabla ya alfajiri." Katikati ya neno palikuwa na tundu kama punje ya mtama.

Kitabu kilisimulia habari za mwana wa mfalme aliyemwasi baba yake, akashindwa kwa siku moja kwa sababu lango la ngome yake lilikutwa wazi. Mji mzima uliliziba tundu lile kwa u: alifungua, msaliti mkubwa. Ukoo wa mlinzi uliliziba kwa w: alifungwa kamba mikono na miguu, wakafungua wengine. Na fundi aliyepewa kazi ya kukikarabati kitabu hicho, katika chumba cha nyuma cha maktaba, alikuwa kitukuu wa mlinzi. Tangu shuleni alizomewa "Fungua lango!" kila aliposhika kitasa. Baba yake, mzee wa miaka themanini na mbili, alikuwa na haja moja tu kabla hajafumba macho: kujua.

Shangazi yake alipiga simu. "Gundi unayo, wino unao. Tia hiyo w yaishe! Nani atajua?"

"Mimi, shangazi."

"Kichwa kigumu kama baba yako!"

Hakukosea. Siku tatu fundi alilikodolea macho lile tundu, wapi! Siku ya nne akaachana nalo, akageukia ukurasa wa mkabala. Kitabu kilijalidiwa wino ukiwa mbichi, hivyo kila ukurasa ulimwachia mwenzake alama hafifu, maneno yakiwa kinyumenyume. Akainamisha taa, akasogeza kioo. Herufi w ina mabonde mawili, u ina moja. Akahesabu: moja. Akakifuta kioo, akahesabu tena na tena. Moja.

Alilia palepale kwa hasira. Kumbe aliitaka ile w kuliko alivyodhani.

Akaenda moja kwa moja nyumbani. "Baba, ni u."

Mzee alikisukuma kando kikombe chake cha chai. "Una hakika?"

"Nimeangalia mara tano."

"Na mimi nimepigana ngumi na watu kwa ajili ya w!" Akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Wale walikuwa wanabahatisha tu. Wewe umeona. Nenda ukaandike mwenyewe, mwanangu, na usijifiche."

Alasiri ile mkutubi mkuu aliisoma ripoti akiwa amesimama: herufi iliyoliwa ni u. Chini ya sahihi, kwa mwandiko uleule uliotulia, palikuwa pameandikwa: kitukuu wa mlinzi wa lango.

"Hili la mwisho si lazima," mkutubi alisema kwa upole. "Naweza kulifuta."

"Najua," fundi alijibu. "Liache."