Mchunga Bata wa Lemara

Baba aliinama, akashika taya la ng'ombe wa kwanza wa mahari yangu, akalibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka kiliacha shimo. Akabonyeza pembeni, shimo jingine. Wakwe zangu watarajiwa, waliowaswaga ng'ombe wale kutoka Lemara hadi kwetu Elerai, wakaanza kuyatazama mawingu.

"Huyu ni ng'ombe au ni kiriba?" Baba akauliza.

Wote walikuwa hivyo, mifupa mgongoni na maji kidevuni. Baba yangu, Mzee Lemburis, hakupandisha sauti. Alisema warudi nao, na kama vuli itapita bila ng'ombe wa kueleweka, basi binti yake ataolewa kwingine. Nilikuwa nachungulia kutoka ndani. Nilimchukia Baba siku ile, na nilimchukia zaidi kwa sababu nilijua hajakosea. Lakini mimi nilishamchagua Bariki, na sikumtaka mwingine hata angeleta zizi zima.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha juzi juzi. Bariki alikuwa amerudi kutoka Burma na kovu begani na koti zito la jeshi ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Kwao Lemara malisho yalikuwa bondeni, kwenye kinamasi, majani mabichi hata kiangazi. Ng'ombe walipoanza kukonda katikati ya neema ile, wazee wakakata shauri kwamba ni kijicho. Wakabaki kutafuta mwenye macho mabaya, na kila jirani akawa anapita pale akitazama chini.

Kisha ng'ombe mmoja akafa, na Bwana Mifugo Selemani akaja kumpasua. Bariki alinisimulia huku amekunja uso. Ini lilikuwa gumu kama soli, na lilipominywa wakatoka minyoo bapa kama mbegu za maboga, wanajikunja. Selemani akaeleza kwamba minyoo wale hukulia ndani ya konokono wa kinamasini, kisha hutoka na kushika kwenye majani, na ng'ombe hula vyote pamoja. Akawanywesha waliobaki dawa kwa chupa. Akaonya kuwa wakirudi kwa konokono wale wale, dawa imekwenda bure.

Mimi nilikuwa napeleka maziwa mjini kwa Bi Batuli, mama mmoja wa Kiislamu aliyetokea Tanga. Siku hiyo nilimpimia maziwa huku nalia, nikimweleza habari za konokono.

"Konokono?" akasema. "Hao ndio wanaokutoa machozi? Mwanangu, bata wangu wamewamaliza konokono wa mtaa mzima, sasa wananitazama mimi."

Nilipomuuliza Selemani juu ya bata alicheka, halafu akaacha kucheka. "Si wazo baya," akasema. "Ila nani huko kwenu atakubali?"

Kazi ilikuwa hapo. Kwetu mwanamume ni ng'ombe wake. Ndege hali, ndege hafugi. Kuku ni mambo ya akina mama na watoto, na bata hata mama hujiuliza mara mbili. Nilimleta Bariki uani kwa Bi Batuli, nikamwambia pale pale, bata wakipita miguuni petu.

"Nosim, mimi nimepigana na Wajapani."

"Najua."

"Wenzangu wa rika wataniimba."

"Watakuimba. Na mimi nitausikia wimbo huo nikiwa kwa mume mwingine."

Akawatazama wale bata, nao wakamtazama. Kisha akavua koti la jeshi, akalitandaza chini ili tuwafunge humo wale aliotupa Bi Batuli.

Walimwimba kweli, na mtunzi alikuwa Lengai, rafiki yake mkubwa. Tena bata hawakujua adabu ya mifugo. Bariki aliwapigia mluzi wa ng'ombe, wakamsikiliza kama mvua ya mwaka jana. Kuwaswaga wakagoma. Alipowatangulia ndipo wakamfuata mstari mmoja, wakitikisa makalio, na askari yule wa Burma akashuka hivyo hadi kinamasini kila asubuhi, watu wakiacha majembe kumtazama.

Vuli ikakaribia kwisha. Wakaja tena na ng'ombe, na Baba akabonyeza taya moja baada ya jingine. Kidole hakikuacha alama. Akapapasa migongo, akaitikia kwa pua, akaagiza pombe ya asali. Nilidhani nimeolewa.

Lengai akanywa. Akanywa tena. Kisha kwa furaha tupu akauanzisha ule wimbo.

Baba akaweka kibuyu chini. "Bata?"

Bariki angeweza kukana. Wazee wake walikuwa wakimkonyeza akane.

"Ni kweli, Baba," akasema. "Niliwachunga mwenyewe. Bila wao, leo ningekuletea ngozi."

Baba akainuka. "Simpi binti yangu mchunga ndege."

Mama alikuwa anapita na kibuyu kingine. Hakumtazama mtu yeyote. Alisema tu, kama anaongea na kibuyu, "Na Narok uliyemficha migombani, kidevu kimeshafika magotini. Wageni watamwona wakitoka."

Narok alikuwa ng'ombe mweusi wa Baba, aliyemkamua kwa mikono yake mwenyewe na kumlisha kwenye matope ya bondeni kwetu. Baba akatupa jicho migombani, kisha akaketi polepole. Akakohoa. Mazungumzo yakarudi kwenye mahari iliyobaki: asali, na blanketi la Mama, na tumbaku. Mwisho akamwinamia Bariki.

"Na wale wengine," akasema. "Uwalete ndani ya gunia."

Siku niliyochukuliwa kwenda Lemara, wanawake waliimba, Mama alilia, Baba hakuonekana. Nilimkuta bondeni chini ya shamba, amekaa juu ya jiwe, fimbo magotini, bata wakipekua matope mbele yake. Nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuka. Nilipoanza kulia, akainua mkono kunizuia.

"Nenda, mwanangu," akasema, macho kwa bata. "Ukilia hapa wataacha kula."