Upana wa Kidole Kimoja

Kaka yangu Denis alizaliwa na masikio. Ukigonga sufuria jikoni atakuambia ni noti gani, na ukimwambia jambo la maana atakuuliza ulisemaje. Amepiga gitaa la solo kwenye bendi za Moshi tangu amalize shule, na miaka yote hiyo amepigia magitaa ya watu: la bendi, la rafiki, la Mchina lililopinda shingo kwa jua. Kwa hiyo aliponipigia simu nikiwa sokoni Tarakea, katikati ya magunia yangu ya maharage, akaniambia anatengenezewa gitaa lake mwenyewe la umeme, nilifurahi kweli. Nikamwambia afadhali angeoa kwanza. Akacheka sana, na mimi nikamkatia simu kwa sababu mteja alikuwa anasubiri.

Habari ya mbao hakunigusia. Angenigusia, ningemfokea mpaka simu iishe chaji.

Mama yetu, Justina, anakaa Mwika, mlimani, kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloachiwa na baba. Jikoni kwake, darini, kulikuwa na mtumbwi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Babu aliuchonga kwa tezo kutoka kwenye gogo la mringaringa: tumbo refu la kuchanganyia ndizi na mso, yaani uji wa ulezi, na upande mmoja mkia mnene wa mti mzima, mrefu, wa kushikia wakati wa kuubeba. Mbege ya harusi ya Mama ilichanganywa humo. Yangu pia. Baada ya harusi yangu Mama aliuosha, akauanika, akaupandisha darini moshi wa jiko uutunze. Majirani wakija kuuazima aliwapa ndoo. "Huo una kazi yake," alikuwa akisema, na hakuna aliyemwuliza kazi gani, maana alikuwa amebaki mtoto mmoja hajaoa, na mtoto huyo alikuwa na mvi ndevuni.

Denis peke yake ndiye hakujua. Wanaume wa kwetu huijua mbege ikishafika kwenye kata ya kunywea. Ilikotoka hawana habari.

Yaliyotokea Pasua, mjini Moshi, nilisimuliwa na Hafidhi, fundi mwenyewe, mtu mpole ambaye hana sababu ya kunidanganya. Karakana yake iko nyuma ya duka la mama yake, na ukiingia unakanyaga maranda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Denis alifika pale ameshaamua kila kitu, kama kawaida yake, halafu akaanza kuuliza.

"Shingo tutumie mti gani, fundi?"

Hafidhi akamtolea mninga. Rangi nzuri, akasema, lakini mzito, utachoka bega kabla wimbo haujaisha. Akamtolea mvule. Huo unafaa, hausumbui, ila sauti yake ya kawaida. Ubao wa juu, ule vidole vinapokanyagia nyuzi, hapo hapakuwa na ubishi: alikuwa na vipande vya mpingo, mabaki ya kiwanda kinachokata mbao za klarineti, vyeusi na vizito, na ukivigonga vinalia kama kioo.

"Kwa shingo, kama ningekuwa na mringaringa wa zamani," Hafidhi akasema, "uliokauka wenyewe, sio wa kwenye tanuri, ningekufanyia kitu. Mwepesi, na ukishakauka haupindi tena. Lakini utaupata wapi? Watu wanakata leo, wanauza kesho, mbao bado inatoa maji."

Denis akasema anajua ulipo.

Alipanda Mwika kesho yake. Mama alikuwa anamenya ndizi uani. Denis akamwamkia, akakaa kwenye kigoda, akauliza ule mtumbwi wa darini una kazi.

"Unautakia nini?"

"Mti wake, Mama. Wa gitaa."

Mama akaendelea kumenya. "Na wewe ndiye unayeuomba?"

"Ndiyo mimi. Siku hizi nani anapikia mtumbwi, Mama? Watu wana madramu ya plastiki."

Mama aliniambia baadaye alivyoelewa, na nilipomsikia nililia waziwazi mbele yake. Alielewa kwamba mwanawe ameamua kutooa. Kwamba ameona aibu kumwambia mama yake kwa mdomo, akaja kuuomba mtumbwi ili mama ajue mwenyewe. Akaona ni heshima asimlazimishe kusema zaidi. Kwa hiyo hakuuliza. Alisema jambo moja tu.

"Chukua. Lakini kama fundi anaweza, atumie mkia. Tumbo mniachie."

"Nitamwambia," Denis akasema.

Na alimwambia, hilo simnyimi. Hafidhi aliupokea mtumbwi kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga. Akaugonga huku, akaugonga kule, akasikiliza. Akapima mkia kwa rula ya chuma, akaandika kwa penseli, akafuta, akaandika tena, halafu akafurahi.

"Unatosha," akasema. "Kichwa cha gitaa nitakichonga kwenye kipande cha pembeni na kukiunga. Shingo yenyewe inatoka kwenye mkia, na tumbo la mama haliguswi. Ila uzi utakuwa mfupi. Kutoka kwenye kidaraja mpaka kichwani, sentimita sitini na tatu."

"Mimi nataka sitini na tano."

"Sitini na tano unaingia tumboni. Mkia unaisha hapa, unaona? Unakata ukuta wa mbele."

"Unakata kiasi gani?"

Hafidhi akamwonyesha kwa kidole chake cha shahada, akakilaza juu ya mti. Upana wa kidole kimoja.

Sasa nieleze kwa sababu mimi mwenyewe ilibidi nielezwe. Uzi ukiwa mrefu unakazwa zaidi, na noti inatoka safi, kila moja peke yake. Ukiwa mfupi unalegea kidogo, unakuwa laini chini ya vidole, sauti yake nene na ya joto. Mafundi wa gitaa duniani wanagombana juu ya jambo hili, na Denis alikuwa ametaka uzi mrefu tangu ujana wake, kwa sababu wapigaji wote aliowapenda walikuwa nao. Hafidhi alimwambia ukweli: tofauti ipo mkononi, lakini ukishapitisha sauti kwenye spika, ukumbini, watu wanacheza, nani atasikia?

"Mimi nitasikia," Denis akasema.

"Na maneno ya mama?"

Hapo Denis akamwambia siri ambayo sisi wengine hatukuwa nayo. Alikuwa na mchumba. Violet, anashona nguo mtaa wa pili kutoka karakana ile ile, mwanamke mtulivu mwenye kicheko kizuri. Walikuwa pamoja mwaka wa pili. Angempeleka Mwika Desemba, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, na siku ya harusi yake angepiga gitaa hilo mwenyewe, mti wa Mama ulie mbele ya Mama. Ndiyo maana hakutaka liwe la kubahatisha. Alitaka liwe kamili.

"Kidole kimoja, Hafidhi. Kwenye kitu ambacho hakuna anayekitumia. Kata."

Hafidhi akakata. Kazi ni ya mwenye kuagiza, aliniambia, na akainamisha kichwa wakati akisema hivyo.

Mtumbwi ulirudishwa Mwika umefungwa kwenye turubai. Mama hakuufungua. Aliuweka bandani nyuma ya banda la mbuzi, akasali rozari yake. Nilipopita kumsalimia mwezi ule nilimkuta amekonda. Nikadhani ni malaria, nikamnunulia dawa.

Desemba ikafika. Denis akapanda mlimani na gari la kukodi, gitaa mgongoni, Violet ameketi mbele na kitenge kipya. Nilikuwapo. Denis akasema, "Mama, huyu ni Violet, nimemleta umwone," na Mama akamwangalia Violet, akamwangalia Denis, akapiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamke wa umri wake. Akamkumbatia. "Haika, haika," akawa anasema, akimshukuru msichana wa watu kama amemletea mvua. Halafu akamwachia ghafla, akatoka mbio kuelekea bandani.

Tulimfuata tukidhani amepata wazimu. Alikuwa anafungua kamba za turubai kwa meno. Akaukokota mtumbwi mpaka uani, akakataa kusaidiwa, akasema, "Moyo ulikataa kuamini. Ndiyo maana niliwaambia mniachie tumbo." Akamtuma Violet maji, kazi ya kwanza ya mkwe, na Violet akaenda akicheka. Mti uliokaa mkavu miaka mingi lazima unyweshwe maji kabla ya mbege.

Denis alikuwa amesimama kando ya mgomba. Nikamwona uso unabadilika, na hapo tu nikahisi kuna jambo.

Mama akamimina ndoo. Maji yakatoka mbele, pale mkia ulipokuwa, yakamlowesha miguu.

Akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye ule mwanya, na kidole kikapita. Akakitazama kikiwa upande wa pili.

"Fundi alikosea?" akauliza.

Denis angeweza kusema ndiyo. Nampenda kaka yangu kwa sababu hakusema. "Hapana, Mama," akasema. "Alinionya. Mimi ndiye nilimwambia akate."

Hafidhi aliitwa. Alipanda na kipande cha mringaringa ule ule, akakichonga kikaingia vizuri kama kizibo, lakini alipotoa gundi Mama akamshika mkono. Mbege ilale juu ya gundi, halafu watu wanywe? Akajaribu bila gundi. Maji yakapungua, yakaendelea kudondoka, tone baada ya tone, na mbege haitulii kwenye chombo kinachodondoka. Mama akamshukuru, akampa mkungu wa ndizi aende nao Pasua.

Harusi ilikuwa baada ya Pasaka, na mbege ilitengenezewa kwenye dramu la bluu la plastiki. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mama akaonja kata ya kwanza, kama inavyompasa mama wa bwana harusi, akasema imeiva. Wageni wakashangilia. Mimi niliyemzoea niliona jinsi alivyoishusha kata ile taratibu, akafuta midomo.

Kabla Denis hajapanda jukwaani, Mama aliomba gitaa. Akalipakata. Hakugusa nyuzi. Aligeuza shingo, akapitisha kiganja nyuma yake, kutoka chini mpaka juu, akaipeleka puani, akavuta pumzi kwa muda. Nilijua anatafuta nini. Jikoni kwetu mtumbwi ule ulinukia ndizi mbivu na moshi, hata mwaka ambao haukutumika.

"Inanuka vanishi," akasema, akamrudishia. "Nenda kapige, mwanangu, watu wanangoja."

Akapiga. Hakika gitaa lile linaimba. Wazee waliinuka vitini, Violet alicheza mpaka shela ikaanguka, na Mama alicheza pia, mikono juu, akitabasamu kila Denis alipomtazama. Hakuna mgeni aliyejua kwamba kulikuwa na kitu kilichopungua.

Mtumbwi bado upo. Mama anawekea mbuzi majani, kwa sababu majani hayavuji. Denis akija na mkewe hukaa mbele ya nyumba; akitumwa nyuma kuleta kuni atamtuma mtu mwingine, na Mama ameacha kumtuma.

Mwezi uliopita nilimkuta hapo mbele, gitaa mapajani halijaunganishwa umeme, anagusa uzi mmoja mmoja na kutega sikio. Nikaketi. Nilikuwa na hasira naye tangu Desemba ile na nilitaka kumuumiza kidogo, kwa hiyo nikamwuliza ile tofauti ya kidole kimoja inasikikaje.

Alipiga noti moja, akaiacha mpaka ikaisha.

"Nimemwomba Hafidhi anitengenezee shingo nyingine, ya mvule, fupi, ya sitini na tatu, nilinganishe," akasema. "Nimezifunga zote mbili kwa zamu. Nimefunga macho. Nimemwomba Violet apange bila kuniambia ipi ni ipi."

"Ehe?"

"Siisikii, Monica," akasema. "Nimejaribu sana. Siisikii."

Ndani Mama alikuwa anatuita tukale. Nikamshika mkono tukaingia.