Wenyeji wa Mchana

Siku ile Husna alijiona kidume. Mfumo alioubuni ulikuwa umeanza kazi: mtu anabonyeza nyota, namba na alama ya reli, hata kwa simu ya kitochi, kisha anatoa maoni yake kuhusu mchoro mpya wa mtaa wao pale Kariakoo. Mchoro huo ulitaka kuugeuza uchochoro wa mama lishe uwe maegesho ya magari. Maoni yangefungwa Ijumaa, na Jumamosi mkutano wa mtaa ungeamua.

Aliingia uchochoroni kwa madaha, akamkuta shangazi yake, Bi Sophia, anapakua wali. Sufuria zile ndizo zilizomsomesha Husna.

"Shikamoo shangazi. Umeshatoa maoni?"

"Marahaba. Nimejaribu, mwanangu. Hilo dude lako limeniuliza naishi wapi, nikajibu Mbagala. Likasema samahani, huduma hii ni ya wakazi tu." Akafunika sufuria. "Miaka yote hii niko hapa, kumbe mgeni."

Mama lishe wengine wakadakia: huyu wa Chanika, yule wa Gongo la Mboto, wote wamekataliwa. Husna alitamani ardhi ipasuke. Swali lile alilinakili tu kutoka fomu za ofisini, wala hakufikiri mara mbili. Nani asiyejua kwamba wanaoijaza Kariakoo mchana, jioni hutawanyika kila mtu na kwao? Na yeye mwenyewe kwake Tabata! Mganga hajigangi.

Akaketi papo hapo kwenye benchi, akafungua kompyuta yake, akafuta swali lile na kuandika jingine: "Mchana unapatikana wapi?" Kisha akawaomba wote wajaribu tena. Kabla wali haujaisha, maoni yalikuwa yanamiminika: wapagazi, mafundi cherehani, wauza vitenge, hata matajiri wa maduka wanaolala Upanga lakini chakula cha mchana huagiza kwa Bi Sophia.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Afisa mipango miji, Bwana Melkiori, alitazama matokeo ya maoni yaliyomulikwa ukutani, akakunja mikono.

"Wengi wa hawa si wakazi," alisema. "Hatuwezi kupanga mtaa kwa maoni ya wapita njia."

Husna akasimama. Uchochoro ukiondoka, shangazi yake angepikia wapi?

"Samahani, afisa. Wewe mwenyewe unaishi wapi?"

"Mimi? Kimara."

"Basi na mchoro huu kauchora mpita njia."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Melkiori alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka naye. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Bushiri, akagonga meza.

"Anayeutumia mtaa kutwa nzima ana haki ya kuusemea. Wanaotaka uchochoro ubaki, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka mpaka mlangoni. Husna aliitazama, machozi yakamlenga, wala hakuona haya. Melkiori akainama kwenye kompyuta, akaufungua mchoro, na pale ukutani, mbele ya wote, maegesho yakafutika.

"Haya, uchochoro unabaki," alisema. "Tena wengi mmeomba bomba la maji. Likae wapi?"

Kila mtu akaanza kusema lake. Bi Sophia hakubishana na mtu. Alijifunga khanga yake vizuri, akapita katikati ya viti mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya mchoro.

"Hapa."

Na afisa akachora pale pale.